Pambio Lililonikatikia Mdomoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Naandika haya nikiwa nyumbani, sufuria ya makande ikichemka pembeni, lakini najua tayari mtakavyoitikia: "Amina" nne, na moja ni ya mama yangu, ambaye hana namna. Basi narudia. Bwana asifiwe. Sasa zimefika sita. Tuendelee hivyo hivyo, Mungu ni mwema.

Kuandika hakukuwa wazo langu. Nilimwambia mchungaji nina ushuhuda, akasema, "Vizuri, Furaha. Uandike kwanza, niusome." Anasema mimi nikipewa kipaza sauti bila karatasi tutatoka kanisani jioni. Kwa hiyo haya mnayoyasikia yamepita mikononi mwake. Aliyoyafuta mtaniuliza nje.

Kwa waliokuja leo mara ya kwanza, naitwa Furaha, nasoma kidato cha tatu, na mimi ndiye yule binti anayeimbisha kila Jumapili hapa Nangara. Jina hili limenitesa. Mtu anayeitwa Furaha akisimama mbele amenuna, watu wanaona kama amewatapeli tangu siku ya ubatizo.

Wengine mnadhani niliitwa kwenye huduma hii kwa ndoto. Hapana. Kabla yangu aliyekuwa anaimbisha ni Kaka Elia. Kaka yule alikuwa na moto. Akianza pambio anafumba macho, anapiga goti moja, anatikisa kichwa mpaka miwani inahamia sikioni. Siku moja baada ya ibada nilikuwa nyuma ya kanisa nawaonyesha vijana wenzangu anavyofanya. Goti, kichwa, miwani, kila kitu. Wakacheka mpaka wakashikana, halafu wote wakanyamaza kwa pamoja. Nikageuka. Mchungaji. Nikajua leo nimekwisha. Akanitazama kidogo, akasema, "Una sauti," akaondoka zake. Kaka Elia alipopata kazi ya ualimu Kiteto, mnajua nani alipewa kipaza sauti. Samweli aliitwa akiwa amelala. Mimi niliitwa nikiwa namwigiza mtu.

Mwanzoni nilifurahia, sitasema uongo. Mtu wa umri wangu kuwasimamisha wazee wote na kuwaambia wainue mikono, na wanainua, ni jambo tamu. Halafu utamu ukaisha na Jumapili zikawa bado zinakuja.

Ndugu zangu, naomba mnielewe. Natoka nyumbani bado giza kwenda shule Bagara. Nikirudi kuna kuchota maji, kuna ng'ombe wa baba ambaye hajawahi kunishukuru, kuna wadogo zangu wanaotaka kusaidiwa hesabu ambazo hata mimi sizijui. Jumamosi mazoezi ya kwaya. Jumapili asubuhi natakiwa niwe nimewaka. Si kuja tu, hapana, niwake. Viboko wa Ziwa Babati wanashinda majini, wametoa pua tu, na hakuna mtu anayewafuata kuwaambia wamepoa.

Na ninyi, nasema kwa upendo wa Kristo, hamsaidii. Mnaingia mmefunga mikono kifuani. Mnasimama kama nguzo za umeme za njia ya Mutuka, mnanitazama. Nikisema pigeni makofi, mnapiga kama mnaua mbu. Nikisema mwambie jirani yako amependeza, mnamtazama jirani, mnaona si kweli, mnanyamaza. Kaka Elia aliniachia maneno yake ya kuchochea, "Bado sijawasikia," nikawa nayasema kila baada ya ubeti. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimewasikia vizuri sana. Hakukuwa na kitu cha kusikia.

Nyuma yangu yupo Daudi, mpiga kinanda wetu, mtoto wa mama mdogo. Kinanda kile kina midundo mingi, Daudi anaujua mmoja. Tukisifu ni ule. Tukiabudu ni ule ule, kaupunguza mwendo.

Ibada ikiisha, kabla sijafika mlangoni, Mama Anna ananisubiri. Mnamjua, mwenyekiti wa akina mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo ulipoa."

"Nilikuwa na mtihani wiki hii, mama."

"Upako haujui mtihani. Ulipoa kabisa."

Kila mtu akawa na dawa. Mmoja akaniambia nilambe asali na tangawizi. Mwingine mayai mabichi. Mwingine nifunge, na mimi kwa wiki hiyo nilikuwa nimekula makande tu, sikuona kilichobaki cha kufunga. Mama yangu yeye alisema, "Unashinda kwenye simu, huo upako utaupata wapi?" Simu yenyewe ni yake.

Mwishowe wakaniombea. Wakanizunguka baada ya ibada, Mama Anna akasema hii ni roho ya uchovu. Wakaikemea kwa nguvu. Mkono mmoja, sitaki kujua wa nani, ulikuwa unanisukuma paji la uso ili nianguke, nami nimekaza miguu maana sakafu ilikuwa haijapigwa deki. Wakasema imetoka. Nakubali, ilitoka. Jumatatu alfajiri ilikuja yenyewe kuniamsha, twende shule.

Hapo mnacheka, na mimi nimeandika ili mcheke. Lakini ndani yangu, ndugu zangu, haikuwa kichekesho. Nilikuwa nasimama hapo mbele naimba maneno makubwa, natokwa jasho, nainua mkono, na ndani hakuna kitu. Kama kutafuna muwa ulioisha maji. Nikaanza kufikiri kwamba Mungu ameshaondoka zamani, na mimi nimebaki namwigiza Kaka Elia, safari hii mbele ya kanisa zima. Ukimdanganya mwalimu unachapwa yanaisha. Sasa ukimdanganya Mungu kwa kipaza sauti, tena kilichowekwa mwangwi?

Siku moja nikiwa nakata majani ya yule ng'ombe nikaomba. Sikupiga magoti, nilikuwa na panga mkononi. Nikasema, Bwana, mimi siwezi kuendelea kukudanganya. Jumapili hii nitasimama mara moja tu. Nikisikia kitu, chochote, nitaendelea. Nisiposikia, namrudishia mchungaji kipaza chake, na sitaimba tena, hata jikoni. Amina. Ng'ombe alikuwa shahidi.

Nikamwambia Daudi.

"Naacha."

"Unaacha nini, shule?"

"Kuimbisha. Jumapili ikiwa kavu naacha."

Akacheka, halafu akaona sicheki. "Sasa nani ataimbisha?"

"Wewe."

"Mimi nina mdundo mmoja, Furaha."

"Afadhali wewe unao."

Basi Jumamosi ikafika, na mimi nilikuwa nimepanga kulala mpaka jua linifuate kitandani. Mama akaja kunivuta blanketi. "Amka. Leo ni zamu ya Mama Anna."

Mnaofahamu mmeshaelewa. Kwa wageni nieleze. Akina mama wa kanisa letu wakati wa mavuno wanasaidiana kupiga maharage. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Maharage yaliyokauka yanamwagwa juu ya turubai, watu wanasimama safu mbili zinazotazamana, kila mtu na fimbo yake. Safu hii ikishusha, ile inainua. Na lazima kuwe na wimbo, wala si kwa sababu ya furaha. Wimbo ndio unaoziambia fimbo zamu zao. Wimbo ukikatika, fimbo zinakutana juu ya turubai, na mtu anaondoka na kidole kimevimba.

"Mama, nina mazoezi ya kwaya."

"Maharage hayangoji kwaya. Vaa kitenge."

Tukaenda Mutuka kwa Mama Anna. Jua likaanza kuchoma mapema. Nimeshika fimbo ndefu kuliko mimi, mtu akasema, "Mwimbishaji wetu yupo, anzisha." Nikasema moyoni, hata hapa. Nikaanzisha lile pambio tunaloliimba siku zote, la "Ndiye wa leo." Anayeanzisha anataja jambo, wengine wanaitikia.

"Aliyenilisha jana."

"Ndiye wa leo."

"Aliyenivusha mtoni."

"Ndiye wa leo."

Fimbo zikashika mwendo. Nikaenda, nikaenda, mpaka vumbi la maharage likaniingia kooni. Nikakohoa. Sauti ikakatika katikati ya neno. Nikasubiri nisikie, "Furaha, umepoa." Sikusikia. Bibi Paulina aliyekuwa pembeni yangu, yule bibi yetu wa benchi la pili ambaye Kiswahili chake bado kina Kiiraqw ndani, alichukua mstari uliofuata bila hata kugeuza shingo. Mimi nikajikuta naitikia na wengine huku nikifuta makamasi. Bibi alipochoka, akachukua mwingine. Huyo naye akachoka, akaingia kwenye kuitikia, mwingine akachukua. Hakuna aliyeuliza nani kachoka. Hakuna aliyemwombea mtu. Maharage yakapigwa, yakapepetwa, tukanywa uji, tukarudi nyumbani.

Nawaomba msiniwekee maneno mdomoni. Sikupata ufunuo wowote pale. Nilipata vumbi puani na mabega yasiyoinuka.

Jumapili nikasimama hapa. Gauni la kitenge, viatu vya kubana, kipaza sauti mkononi. Daudi akanitazama kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Nikawasalimu, mkaitika kama mnavyoitika. Nikaanzisha "Ndiye wa leo," kwa sababu kichwa kilikuwa kitupu na hilo ndilo lililokuwa karibu.

"Aliyenilisha jana."

"Ndiye wa leo."

"Aliyenivusha mtoni."

"Ndiye wa leo."

Nikafungua mdomo kwa mstari wa tatu. Hakuna kitu. Si kwamba nilikosa upako, nilikosa neno. Nikasikia mdundo wa Daudi unaendelea nyuma yangu, tu-ku-tu, tu-ku-tu, na nikajikagua haraka haraka kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta simu. Bwana, upo? Nasikia chochote? Nilisikia viatu vinabana tu. Nikasema basi, jibu nimelipata. Nikaanza kumtafuta mchungaji kwa macho nimpe kitu chake.

Na mdomo wangu, ndugu zangu, mdomo huu ambao umeniponza tangu nizaliwe, ukafanya uliyofundishwa jana yake. Zamu ya kiongozi ilikuwa imepita tupu, na zamu ya waitikiaji ilipofika, nikaitikia. Mimi mwimbishaji, mbele ya kanisa, ndani ya kipaza sauti, naitikia wimbo ambao hakuna aliyeuanzisha.

"Ndiye wa leo."

Kanisa likashtuka. Mwanakwaya mmoja akaniminya kiuno. Mchungaji akainua uso kutoka kwenye Biblia yake. Na pale benchi la pili, Bibi Paulina, ambaye siku zote nilidhani wakati wa sifa anasinzia, akachukua. Macho kayafumba vile vile. Bila kipaza. Sauti yake imekwaruza kama mlango wa zizi.

"Aliyenifuta machozi msibani."

Wale akina mama wa jana wakaitikia kabla hawajafikiri. "Ndiye wa leo." Nikaona mikono yao inapanda na kushuka, kana kwamba turubai lipo hapo chini katikati ya mabenchi.

Daudi akaanza kumtafuta Bibi kwenye kinanda. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Sauti aliyoishika Bibi haimo kwenye kinanda kile, nadhani haimo kwenye kinanda chochote. Mwishowe akakizima kabisa na kuanza kupiga makofi. Siku hiyo tukagundua Daudi ana midundo miwili.

Bibi akaishiwa pumzi. Mama Anna akachukua, na yeye mnamjua hapambi maneno.

"Aliyechelewesha mvua."

Mkasita kidogo hapo, niliwaona. Halafu mkaitikia. "Ndiye wa leo." Mkaitikia kwa nguvu kuliko mlivyowahi kuitikia mvua iliyowahi.

Mzee mmoja benchi la nyuma, ambaye tangu nianze kuimbisha sijawahi kuona meno yake, akasema, wala hakuimba, alisema tu, "Aliyeniachia ng'ombe mmoja."

"Ndiye wa leo."

Mimi nikabaki naitikia. Kipaza nimekishusha mpaka kwenye goti. Nilikuwa bado nimechoka, mabega yanauma, viatu vinabana, na ule moto niliokuwa naudai kwa Mungu haukuja, naapa haukuja. Nilikuwa tu nimesimama ndani ya wimbo ambao siubebi mimi. Halafu kutoka upande wa akina mama ikatoka sauti ambayo naifahamu kwa kunigombeza, siifahamu kwa kuimba. Mama yangu haanzishi pambio. Hajawahi. Ni mtu wa "Amina" moja.

"Aliyemwamsha mwanangu gizani."

Ndugu zangu, mlipoitikia hapo mimi sikuweza. Kumbe ananiona. Kila alfajiri ninavyotafuta viatu kwa kupapasa na kunung'unika, nikidhani amelala, yeye yuko macho upande wa pili wa ukuta. Halafu mchana ananisema kwa habari ya simu. Watu wazima ni wagumu sana kuwaelewa, naendelea kuwaombea.

Mama akamaliza pumzi. Pakawa na nafasi. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimepumzika, niliona nafasi ile iko wazi na mimi ndiye niliye karibu. Nikainua kipaza. Maneno yakaja yenyewe, sikuyatafuta.

"Asiyeniuliza kama nina moto."

"Ndiye wa leo."

Hayo tu. Hakuna aliyeanguka. Hakuna taa iliyowaka yenyewe. Baada ya ibada nikamfuata mchungaji na kipaza mkononi kama nilivyoahidi, maana ahadi ni ahadi.

Akaniuliza, "Leo aliyeongoza alikuwa nani?"

"Sijui, mchungaji. Mimi nilikuwa naitikia."

Akakitazama kipaza, hakukipokea. "Basi kiweke mahali pake, kisianguke," akasema, akaenda kusalimia wageni.

Nilikiweka. Na hapo ndipo ninapotoa ushuhuda wangu, kwamba Bwana alinifungua. Alinifungua kutoka kwenye nini? Si kwenye uchovu. Jumatatu niliamka nimechoka na leo nimechoka, mnaniona. Alinifungua kutoka kwenye uongo kwamba ananisubiri mimi nichemke ndipo yeye aje. Nilidhani ukavu wangu ni dalili kwamba ameondoka. Kumbe alikuwa benchi la pili amefumba macho. Nilimwomba anionyeshe kama yupo kwa kunipa kitu cha kusikia kifuani, yeye akanijibu kwa masikio. Namshukuru. Namshukuru kwa Bibi Paulina, kwa Mama Anna na ulimi wake, kwa mama yangu, na kwa maharage ya Mutuka.

Kama umo humu na wewe umekauka, unaomba na hakuna kitu, unakuja kanisani kwa sababu miguu imezoea, nakusihi usiondoke. Usijiigize pia, inachosha, mimi najua. Simama kwenye safu. Itikia unachokiweza. Mwamini yule asiyengoja uwake ndipo akushike. Zamu ikikurudia utakuwa na pumzi.

Sasa limebaki moja, na mchungaji nakuomba usilifute. Jumapili iliyofuata, ninyi ndugu zangu watakatifu, mlirudi kwenye nguzo zenu za umeme kama vile hakujatokea kitu. Mikono kifuani. Mnanitazama. Nikakohoa katikati ya pambio, mkanisubiri nimalize kukohoa. Mimi nitafanya nini na watu kama ninyi? Kupiga maharage mnajua. Kwenye turubai hakuna anayemtazama mwenzake achoke peke yake, kwa sababu mnaviogopea vidole vyenu. Humu ndani mnadhani wimbo ukikatika hakuna anayeumia.

Kwa hiyo tuelewane. Nitaendelea kusimama hapa, Jumapili nyingine nikiwa nimewaka, nyingi nikiwa kama mnavyoniona. Nikianzisha, itikieni. Nikikatika, msinikague usoni kutafuta dhambi. Aliye karibu, mwenye pumzi, achukue.

Nitasema mara moja tu, na safari hii sirudii.

Aliyenilisha jana.

Nimenyamaza.